Nguo ya Soko na Nguo ya Kiti



Jumamosi moja ya mwezi uliopita, katika karamu ya arusi hapa Mpala, binti wa mfanyakazi mwenzetu alivuliwa nguo mbele ya watu. Hatusemi aliachwa uchi, maana alikuwa na gauni la ndani, na mama mmoja alifungua kikwembe chake cha pili akamfunika upesi. Lakini alivuliwa. Na kosa lake? Alivaa mshanana, lile vazi la kufungwa begani ambalo wanawake wa Rwanda na Burundi huvaa siku za sherehe. Vijana watatu waliokuwa wamekunywa, na wa nne ambaye hakuonja kitu (huyo ndiye anayetusumbua zaidi), walisimama wakapiga kelele: "Mnyarwanda! Atoke!" Msichana ni Mtabwa. Baba yake Mtabwa, mama yake Mtabwa, naye amebatizwa papa hapa. Aliliona vazi lile katika picha alizotumiwa kwa simu na rafiki yake wa Bujumbura, likampendeza, akanunua kitambaa sokoni Kalemie, na fundi wa Kalemie akamshonea kwa franka alizoweka akiba miezi mitatu.

Katika karamu ile ile bwana arusi alikalishwa juu ya kiti kikubwa, amejifunika kitambaa chenye madoadoa ya chui, na kifuani amening'iniza mpande ya plastiki. Huyo alipigiwa makofi na vigelegele.

Tangu siku ile barua zimetufikia nyingi. Wengine wanataka tuandike kwamba kila mtu avae nguo ya kabila lake, basi, maneno yaishe. Wengine wanasema nguo ni mambo ya mvaaji na fundi wake, gazeti lisijitie. Sisi hatukubaliani na hawa wala wale. Tunasema wazi kwamba watu wa karamu ile walikosa mara mbili kwa siku moja: walimvua asiye na kosa, tena wakamshangilia yule aliyepaswa kuulizwa.

Tuwajibu kwanza wale wa "nguo ya kabila lako". Nguo hiyo ni ipi, ndugu? Babu zetu wa pwani hii ya ziwa walivaa magome ya mti yaliyopondwa kwa nyundo, na ngozi, na nguo za nyuzi za miwale. Ng'ambo ya pili, Wafipa walifuma nguo nzito za pamba, nazo zilivuka maji. Kisha misafara ya pwani ya bahari ikaleta merikani, na jina lake lenyewe linasema ilikotoka: ni pamba iliyofumwa Marekani ikaletwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem. Ikaletwa na kaniki, nguo nyeusi ya Uhindi. Wazee walipima shuka kwa mikono yao, shuka mbili zikawa doti, na kwa doti walilipa mahari, hongo na mishahara ya wapagazi. Kanzu na kofia navyo vilikuja kwa njia hiyo hiyo, mabegani mwa waungwana. Leo mzee akienda baraza na kanzu yake nyeupe, nani humwambia arudi nyumbani akavae gome la mti?

Tutazame na hapa tunapokaa. Luteni Émile Storms wa Ubelgiji alifika kwa mfumu Mpala mwezi wa Mei 1883 akajenga boma, na watu wakamwita Bwana Boma. Mwaka wa 1885 boma lile likakabidhiwa kwa Mapadri Weupe. Mapadri hao walivaa nini? Walivaa kanzu ndefu nyeupe, joho jeupe juu yake, kofia nyekundu kichwani, na tasbihi shingoni. Mavazi hayo si ya Ufaransa walikotoka wengi wao. Ni mavazi ya Waislamu wa Algeria, kwa sababu Lavigerie aliyeanzisha shirika lao kule mwaka wa 1868 aliwaamuru waishi kama wenyeji, wale chakula chao, waseme lugha yao na kuvaa nguo zao. Basi padri Mfaransa, katika nguo ya Mwarabu wa kaskazini, alikuja kuhubiri Injili kwa Mtabwa aliyekwisha kuiona kanzu kwa watu wa misafara ya watumwa! Hatuwacheki. Tunasema tu kwamba kanisa letu lenyewe lilifika Mpala likiwa limevaa nguo ya mwingine.

Kapiteni Joubert naye, aliyekuja kuwalinda watu wa misioni kwa bunduki tangu mwaka wa 1887, alikuwa askari wa zamani wa Papa, katika jeshi la Wazuavu. Wazuavu wa Papa walivaa suruali pana na vizibao vilivyoigwa kwa Wazwawa, kabila la milimani huko huko Algeria. Ukianza kumvua kila mtu alichoazima, utaanza na nani na utaishia wapi?

Tena vikwembe. Mama zetu wakivaa wanasema, "hii ndiyo nguo yetu ya Kiafrika", nasi hatuwapingi. Lakini kazi ya kuchora nguo kwa nta ilifundishwa ulimwenguni na watu wa Java. Waholanzi waliotawala kisiwa kile waliiga kwa mashini. Kiwanda cha Vlisco katika mji wa Helmond, kilichoanza mwaka wa 1846, kingali kinatuuzia. Wachina wakawaiga Waholanzi, na leo mke wa mchimbaji anavaa Hitarget kwa sababu Vlisco ni ya mke wa mkurugenzi. Hata Waganda, ambao gomesi yao huonwa kuwa ya asili kabisa, walishonewa na Mgoa, fundi Gomes, kwa ajili ya wasichana wa shule ya Gayaza mwaka wa 1905, na jina la fundi likawa jina la vazi. Wamelivaa miaka zaidi ya mia. Nani atasema si lao?

Hapa tuna jambo moja la kuongeza, ingawa si la arusi ile. Kalemie tulikuwa na Filtisaf. Kiwanda kile kilisokota pamba ya mashamba ya nchi yetu (pamba ambayo wazee walilazimishwa na Wabelgiji kuilima, tusisahau), na watu wa hapa walifuma kitambaa kwa mikono yao. Mashini zile zimenyamaza miaka mingi. Mwenye uchungu wa nguo ya nyumbani aende akasimame mbele ya kiwanda kile, asisimame mbele ya binti wa watu.

Nguo hizi zote tulizozitaja sisi tunaziita nguo za soko. Zilinunuliwa, zikabadilishwa, zikapewa kwa urafiki au kwa mshahara. Aliyeziuza alitaka zivaliwe. Mshanana nao umo humu: ni vazi la furaha, kitambaa chake chepesi hutoka ng'ambo, mafundi hulishona kwa yeyote mwenye pesa, na wenyewe humwalika mgeni alivae katika arusi zao. Mwenye kulivaa hajidai kuwa mtu fulani. Anasema tu kwamba ni siku ya sherehe na amependeza.

Lakini kuna nguo nyingine, nayo tunaiita nguo ya kiti. Hii haisemi "nimependeza". Inasema "mimi ni fulani, nitiini". Mwindaji wa zamani aliyeua chui hakujivika ngozi yake. Aliipeleka kwa mfumu. Na mpande? Vijana wengi wanadhani ni urembo. Mpande ni kipande cha mviringo kilichokatwa katika chini ya konokono wa bahari ya Hindi, kikabebwa mkono kwa mkono mpaka bara, kwa Watabwa, Waluba, Wabemba na Walunda, kikawa alama ya utawala. Livingstone alipopita kwa Walunda mwaka wa 1854 aliandika kwamba mpande mbili zilinunua mtu mtumwa, na tano zilinunua pembe ya ndovu. Mtaona kwamba hata kitu hiki kitukufu asili yake ni bahari ya watu wengine. Hakikuwa chetu kwa sababu kilizaliwa hapa. Kilikuwa chetu kwa sababu watu walipatana nani akivae, kwa matambiko gani, na akifa kimwendee nani.

Ndiyo sababu swali letu kwa bwana arusi silo "wewe ni kabila gani?" Yeye ni mwenyeji, wala hakuna aliyeuliza. Swali ni hili: nani alikupa? Anayemcheka msichana kwa nguo ya wageni huku akijitia mpande ambayo wazee hawakumvika, yeye ndiye aliyevaa kisicho chake, ingawa ni cha nchi yake.

Mchuuzi anayeziuza mpande za plastiki alitujibu kwamba yeye si wa kwanza. Ni kweli, na tunamsifu kwa kujua. Wazungu walipoona bei ya mpande, viwanda vya Ulaya vilitengeneza za kaure na kuzileta Afrika kwa wingi. Lakini na azingatie matokeo: kilichokuwa na thamani ya mtu mzima kikawa kitu cha ushanga. Kama wacheza ngoma wanataka kuigiza mfumu jukwaani, kila mtu anajua ni mchezo, wanunue. Arusi si jukwaa, na kile kiti alichokalishwa si cha mchezo.

Msituambie haya ni mambo madogo ya wazee. Ninyi wa mgodini mnajua nguo ya kiti kuliko profesa yeyote. Salopeti ni nguo ya soko: Jumatatu asubuhi langoni, Mluba, Mtabwa, Mbemba na Mholoholo wote ni rangi moja, na sisi makarani tunaowagawia katika stoo hatuoni kabila, tunaona kipimo cha mguu. Yunifomu ya askari ni nguo ya kiti. Mara ngapi katika vita za jimbo letu mmesimamishwa njiani na kijana mwenye koti la kijeshi, wala hamkujua amelipata wapi na amri yake ni ya nani? Mlitoa mlichokuwa nacho kwa sababu ya koti. Ndipo mtu hujua kwamba kuvaa kiti cha mwingine ni kuiba nguvu yake.

Nchi hii imeuona wizi huo kutoka kwa wakubwa. Storms hakujivika mali ya wafumu, lakini alifanya lililo karibu na hilo. Mnamo Desemba 1884 watu wake walimwua Lusinga, mshindani wake mkali, wakamkata kichwa. Fuvu lilikwenda Ubelgiji. Sanamu za mababu wa Lusinga, ambazo zilithibitisha haki yake ya kukaa kitini, zilikwenda kupamba nyumba ya Storms Brussels, na baadaye zikaingia jumba la makumbusho la Tervuren. Mwaka wa 2022 sanamu ya Storms mwenyewe iliondolewa katika uwanja wake Brussels. Za Lusinga hazijarudi Mpala.

Kisha akaja wa kwetu. Mobutu alitwaa ngozi ya chui, ambayo wafumu wengi wa Kongo kila mmoja aliivaa katika nchi yake na kwa kadiri yake, akaifanya kofia ya kichwa kimoja. Hakuna baraza la wazee lililomvika kwa niaba ya wote. Tangu mwaka wa 1971 alitangaza kurudi kwenye uasilia, akakataza suti na tai, akataka wanaume wavae abakosi. Abakosi ilikuwa na uasilia gani? Kola yake ilifanana na ya Mao wa China, na za wakubwa wengine zilishonwa Ubelgiji! Wanawake wakakatazwa suruali na nywele za bandia. Kwa karibu miaka ishirini, mpaka Aprili 1990, karani mwenye tai shingoni alikuwa mtu wa kutiliwa shaka.

Kabla yake Wabelgiji walifanya kinyume chake, na maana ilikuwa ile ile. Walitoa kadi ya ustahilifu wa uraia mwaka wa 1948, na uandikishaji wa mwaka wa 1952, na aliyeziomba alichunguzwa nyumbani mwake, jinsi anavyokula, jinsi anavyovaa, mkewe anavyokaa mezani. Baba alivaa tai ili aitwe mtu, na mtoto wake akavuliwa tai ili aitwe Mzaire. Mwaka wa 1997 askari wapya walipoingia Kinshasa waliwachapa barabarani wanawake waliovaa suruali za kubana. Kila mara serikali mpya huanzia mwilini mwa mwanamke, kwa sababu hapo ni karibu na hapana bunduki.

Wale vijana wanne walidhani wanalinda taifa. Walikuwa wanarudia kazi ya hao.

Wako watakaotuuliza: je, Mzungu akivaa vya kwetu? Jibu letu halibadiliki. Akinunua kikwembe sokoni akashona shati, karibu, fundi amepata chakula. Lakini mwezi wa nane wa mwaka 2018, katika bustani ya makumbusho yale ya Tervuren, kulikuwa na karamu ya muziki iliyopewa jina la Kiafrika, na baadhi ya wageni walifika wamejipaka weusi usoni, wengine na kofia za wakoloni. Hao hawakuvaa nguo ya soko wala ya kiti. Walivaa ngozi yetu kwa kicheko, mbele ya mlango wa nyumba yenye mali za babu zetu. Ubaya ulikuwa katika kicheko. Tena ndicho kicheko kilichosikika Mpala Jumamosi ile, ila safari hii kilitoka vinywani mwetu.

Turudi kwa msichana, kwa maana yeye ndiye aliyeumia. Tunajua kwa nini neno "Mnyarwanda" huwaka moto haraka. Nchi imevamiwa, watu wa mashariki wamefiwa na kukimbia, na hasira hiyo ina sababu. Lakini vitambaa havikuvuka mpaka na bunduki. Nasi wa ziwa hili tunajua mwisho wa njia hii. Mwaka wa 1998, vita vilipoanza, watu waliwindwa katika jimbo letu kwa sura ya pua na kwa jina. Mwezi wa nane wa mwaka 2007, jirani zetu wa Moba walisikia uvumi kwamba wakimbizi Wabanyamulenge wanarudishwa, wakashambulia watu wa Umoja wa Mataifa na wa mashirika ya msaada. Ulikuwa uvumi tu, na ulitosha. Sasa tumefika kwenye kitambaa. Kama vazi la begani latosha kumfanya Mtabwa adui katika arusi ya ndugu zake, basi mwenye pua nyembamba, au aliyesomea Bujumbura, au aliyeoa Uvira, naye ajitayarishe.

Tumekwenda kumwona baba yake. Anafanya kazi zamu ya usiku, naye alitupokea mlangoni akiwa hajalala. Hakutukana mtu. Alisema jambo moja, kwamba hakuna hata mmoja wa wafanyakazi wenzake waliokuwapo arusini aliyesimama. Alitutajia majina yao, nasi hatuyaandiki, lakini wenyewe wanasoma gazeti hili. Wawili ni wa tawi letu la chama. Mkutano wa tawi wa Jumapili utawauliza, nao watajibu mbele ya wote kama desturi yetu ilivyo.

Vijana wale wanne wanajulikana. Mshanana ulipasuka mshono wa begani, na kitambaa kingali nyumbani kwa mmoja wao kama mateka ya vita. Tunawaambia wakirudishe kabla ya Jumapili hiyo, wakiwa na wazazi wao, na gharama ya fundi mkononi. Bwana arusi tunamwomba kwa heshima aipeleke ile mpande kwa wazee wa ukoo wake na kuwauliza walionaje jambo lile. Wakimcheka na kusema aendelee kuivaa, tutaandika hivyo na kuomba radhi ukurasa huu huu.

Msichana ana arusi nyingine ya kwenda, ya binamu yake, Kalemie, Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mama yake anataka avae kikwembe ili kusiwe na maneno. Yeye bado hajaamua. Wake zetu watakuwapo, nao wamesema watakaa naye meza moja, avae atakalo.